Wanangu wameukataa urojo wa Forodhani

Shangazi, shikamoo.

Mie ni mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja, nina miaka 46. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na mke wangu, mtu wa Morogoro, pamoja na watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 10 na kitinda mimba wa kike wa miaka 6. Wote wamezaliwa huku bara. Unguja wanaijua kwa kwenda kumsalimia bibi yao.

Jambo langu wengine wataliona dogo, lakini limenikaa rohoni tangu sikukuu iliyopita na nyumbani hatuzungumzi vizuri.

Mie nilipokuwa mdogo, miaka ya themanini, baba alikuwa kuli pale bandarini Malindi. Kula nje ya nyumba kulikuwa hakuna. Ila mwisho wa mwezi, akishapata mshahara, baada ya sala ya Magharibi alikuwa akitushika mkono mimi na kaka yangu, tunatoka kwa miguu Kikwajuni, tunapita Mnazi Mmoja, tunatokea Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe. Meza za mbao, vibatari, moshi wa mishkaki umetanda, jumba la Beit al-Ajaib lipo nyuma yetu. Alikuwa akitununulia bakuli moja la urojo, yaani ile rojo ya ndimu yenye bajia, kachori na mbatata, mishkaki miwili kila mmoja, na glasi moja ya juisi ya miwa tunayopokezana. Yeye mwenyewe alikuwa akila chipsi za muhogo tulizobakisha. Baba alifariki mwaka 2003. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkaa na ndimu namuona amesimama na kanzu yake, anatutazama tunavyokula.

Sasa, Idi iliyopita nikasema wanangu nao waonje raha hiyo. Nilijipanga miezi mitatu. Nauli ya boti ya watu watano kwenda na kurudi unaijua mwenyewe. Niliwaambia tangu asubuhi wasijishindilie vyakula, maana jioni tunakula Forodhani. Bahari ilikuwa mbaya, yule mdogo akatapika njiani. Tulipofika nyumbani mama alikuwa ameshapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikamwambia, mama, funika, leo watoto nawapeleka Forodhani. Watoto walitaka kubaki kwa bibi yao, nikakataa.

Tumefika jua linazama. Nikaagiza mabakuli matano ya urojo, kila mtu na lake, si kama sisi tuliopokezana. Binti yangu mkubwa akalitazama bakuli akasema, “Baba, hii ni ya kunywa au ya kupaka ukutani?” Mama yake akacheka. Mdogo akaonja, pilipili ikamkamata, akaanza kulia. Yule wa kati hata kukaa hakukaa. Alikwenda ukingoni mwa bahari kuwatazama vijana wanaopiga makachu, ule mchezo wa kujirusha baharini, nikamwita mara tatu ndiyo akaja, na urojo wake umeshapoa. Baadaye wakaanza: Baba tunataka chipsi kuku, baba tunataka ile pizza ya chokoleti. Nikawaambia ile si chakula, ule ni mchezo wa watalii. Nikageuka kidogo, namuona mke wangu anawanunulia.

Tulirudi kimya. Tena nyumbani wakaingia jikoni kwa bibi yao, wakafunua sufuria wakala wali wa baridi wote, wanacheka. Mimi nikaenda kulala.

Tangu turudi Dar nimepiga marufuku kula nje. Zamani kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nilikuwa nawatoa, chipsi kuku au pizza, wakitaka wao. Nimesema hakuna tena mpaka wajifunze kuthamini. Mke wangu anasema nawaadhibu watoto kwa kosa la kutopenda chakula. Idi nyingine inakuja, nataka turudi Forodhani tufanye upya, lakini binti amesema yeye atakwenda Unguja kama tutabaki kwa bibi tu. Je, niwapeleke tena au niachane nao? Na hiyo marufuku, nimekosea?

Baba wa watatu, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka pale kwenye rangi ya ukutani. Usinikasirikie. Binti yako ana mdomo, lakini mtu asiyejua urojo akiuona ule umanjano wa bizari kwa mara ya kwanza atashtuka kweli.

Kabla ya mambo ya moyo, tuanze na tumbo. Watoto umewaambia tangu asubuhi wasishibe. Wamepanda boti, bahari imechafuka, mmoja ametapika. Wamefika nyumba ambayo chakula kipo tayari, kinanukia, na wameambiwa hakiliwi. Kisha mtoto wa miaka sita ambaye tumbo lake limekaa wazi kutwa nzima umempa kitu chenye ukali wa ndimu na pilipili. Mwanangu, hata mimi ningelia. Jioni ile wale watoto wangepewa hata chakula wanachokipenda kuliko vyote wangekinunia.

Kwa hiyo usiandike moyoni kwamba wanao wameukataa urojo. Hawajaujua bado. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Urojo ni chema, ila wewe uliutembeza kwa nguvu mno, miezi mitatu ya kujipanga, nauli, marehemu, vyote umevirundika kwenye bakuli moja. Mtoto gani angekula kitu kizito hivyo?

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nisimamishe kusoma nikaweka simu chini. Umesema: “Mama, funika.”

Mama yako mzazi yu hai. Ameamka, ametuma mtu sokoni au amekwenda mwenyewe, amekuna nazi, amechoma samaki, amempaka tui zito lililopikwa na kitunguu na bizari, amesubiri boti. Wewe umefika na wajukuu wake umemwambia afunike sufuria kwa sababu unawapeleka watoto wakale kumbukumbu ya baba yako. Na wajukuu walipopata upenyo, usiku, walikwenda wapi? Jikoni kwa bibi. Wali wa baridi, wakaula wote, wakicheka. Wewe ulikuwa kitandani umenuna. Umekwenda Unguja kutafuta watoto wako waonje utoto wako, wakauonja, ila hukuwepo mezani. Huo wali si ndio uliokukuza wewe siku zote za mwezi, ukiacha ile jioni moja ya mshahara?

Najua utaniambia Forodhani ni Forodhani. Haya, tuizungumze. Bustani ile ilijengwa mwaka 1936, ikaitwa bustani ya Jubilei, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa kabla ya hapo aliikuta Forodhani yake ikibadilishwa mbele ya macho yake. Wewe ukaikuta ya vibatari na meza za mbao. Mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa ya Aga Khan Trust for Culture: njia zikawekwa vizuri, taa, bustani, wachuuzi wakapangwa. Hiyo Beit al-Ajaib iliyokuwa nyuma yenu, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi mwaka 2020. Unaona? Hata ungekwenda peke yako, bila watoto wala mke wa Morogoro, ile Forodhani ya baba yako huikuti. Wanao hawakukunyima kitu ambacho kipo.

Na hiyo pizza uliyoiita mchezo wa watalii, mimi nitaitetea kidogo. Iangalie vizuri anavyoitengeneza: donge la unga linatandazwa jembamba, linawekwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai, linakunjwa pembe zote nne, linakaangwa juu ya bamba la chuma. Bibi zako wangeijua mara moja kwamba ni mantabali, iliyotujia kutoka Uarabuni. Wamebadilisha jina ili mgeni aitamke, na siku hizi wanatia ndizi na chokoleti, ambayo mimi binafsi siielewi, lakini mimi nina sukari. Urojo wenyewe ukiufumua hivyo hivyo, bajia na kachori zimevuka bahari kutoka India, mbatata, pilipili na muhogo asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Yupo mzee mmoja wa zamani sana aliyemtazama mwanawe anakula muhogo wa kukaanga akatikisa kichwa akasema watoto wa siku hizi hawajui kula. Huyo mzee hatumjui, lakini naapa alikuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Umesema kula nje kulikuwa hakuna. Mara moja kwa mwezi, kwa mshahara wa kuli, glasi moja watoto wawili. Basi utamu ule nusu yake ulikuwa ni uchache, na nusu nyingine ni baba aliyekuwa kazini kutwa, siku ile yuko wenu peke yenu. Wanao wanakula chipsi kila mwezi, tena wakitaka wao. Nao nyumbani kwao wana baba kila jioni, kama foleni ya Tabata imemruhusu. Huwezi kuwapa uchache uliokupata wewe, na sidhani kama unataka kuwapa. Ulipowaagizia mabakuli matano ulijisifu kidogo, “kila mtu na lake.” Mimi naona bakuli moja la kupokezana lingewafaa zaidi. Mtoto anaonja kijiko kimoja, akipenda anarudia, asipopenda anampa mwenzake na hakuna anayehukumiwa kwa bakuli lililobaki limejaa.

Nimalizie upande wa Forodhani na huyu wa kati, kwa sababu huyu ndiye aliyenifurahisha kuliko wote. Umeandika kwamba hakukaa, alikuwa ukingoni anatazama makachu. Kwako hilo ni kosa. Hebu lifikirie tena: mvulana wa miaka kumi, amezaliwa Dar, anawaona vijana wanakimbia, wanaruka ukutani, wanajipindua hewani, wanatumbukia baharini jua likizama, wanapanda tena wamelowa, wanaruka tena. Ukimuuliza miaka 30 ijayo Forodhani ni nini, atakwambia hilo. Hatakwambia urojo. Naye atawapeleka wanawe pale waone makachu, na wao watakuwa wanataka kitu kingine, atanuna kama ulivyonuna. Ulimwita mara tatu aje kula urojo uliopoa. Kilichotakiwa ilikuwa wewe uchukue bakuli lako, umfuate, usimame naye.

Kwa mkeo nina neno moja. Kucheka mbele ya watoto wakati mumeo ana uchungu si vizuri, na kununua kitu kilichokatazwa dakika mbili nyuma yake ni kuwafundisha watoto njia ya uchochoroni. Mwambie nimesema. Lakini naye alikuwa na mtoto anayelia mkononi na mume anayetoa hotuba. Kati ya hayo mawili alichagua mtoto. Nami ningechagua mtoto.

Sasa Idi inayokuja. Swali lako ni uwapeleke tena au uachane nao. Binti yako ameshakupa jibu zuri kuliko langu: atakwenda kama mtabaki kwa bibi. Kubali. Mpigie mama simu mapema, umwambie safari hii unakwenda kula kwake, na umuulize anataka uje na nini kutoka Dar. Mkifika, watoto wale kwanza, washibe, walale kidogo, wapewe mkono wa Idi wakacheze Mnazi Mmoja na wenzao. Huyo wa kike mkubwa mkalishe na bibi jikoni, kama ana hamu. Wasichana wa umri huo hawapendi kuamrishwa waingie jikoni, kwa hiyo usiamrishe. Akiingia mwenyewe kwa sababu bibi anapiga soga tamu, hapo ndipo atakapojua tui la kwanza na la pili lina tofauti gani.

Halafu alasiri, wakiwa wameshiba, tokeni kwa miguu. Njia ile ile, Mnazi Mmoja mpaka Forodhani. Muwahi makachu. Usiahidi chakula cha jioni, sema tunakwenda kutembea. Ukifika nunua urojo bakuli moja, lako, pilipili itiwe pembeni. Kula. Anayetaka kuonja aonje, asiyetaka asibembelezwe. Kijana anunuliwe juisi ya miwa, huyu mdogo apate hiyo chokoleti yake. Habari za babu yao zisimulie wakati mnatembea, tena zisimulie vizuri, na yale ya kuchekesha pia, maana kuli wa Malindi hakosi vituko. Usizisimulie mkono umeshika kijiko unachotaka mtu akile. Watoto wana akili, wakishaona hadithi ina ankara nyuma yake, wanaziba masikio.

Na ile ladha yenyewe, ya mkaa na ndimu, kama unaihitaji, kaichukue na kaka yako. Hukunieleza kama yupo Unguja au amehama. Popote alipo, huyo ndiye mtu pekee duniani aliyepokezana nawe ile glasi. Siku moja ya hiyo safari, baada ya Magharibi, waache watoto na mama yao, nendeni wawili tu, mkae hapo mpaka mtosheke, mkumbushane kanzu ya baba. Mkitaka kulia, lieni, wachuuzi wa pale wameona mengi. Sijui kwa nini wanaume hupenda kuwapakia watoto wa miaka sita mzigo ambao ndugu yao wa damu angeubeba bila kuombwa.

Huku Dar, Jumapili ya mwisho wa mwezi irudi, na ifanye hivi: kila mwezi anachagua mmoja. Mwezi huu binti, unaofuata kijana, halafu mdogo, halafu mama yao, halafu wewe. Fedha ni ile ile kwa kila mtu, uitaje hesabu waisikie, ili mwenye kuchagua ajue kwamba akipeleka watu mahali pa ghali wataagiza sahani mbili na kugawana. Sheria ni moja, anayepelekwa hanuni. Anakula anachoweza, akitoka anasema asante. Hiyo itakuhusu wewe pia siku ya chipsi zege kibandani, umekaa kwenye kiti cha plastiki, muziki unapigwa, na mwanao anakutazama kwa pembe ya jicho aone kama umependa. Zamu yako ikifika, wapeleke kwa Waunguja hapo hapo Dar. Urojo upo mitaani tele, wa bei nafuu, hauna boti wala marehemu. Yupo atakayeuzoea, pengine huyo huyo mwenye mdomo.

Au upike nyumbani, kama mnaweza. Bajia na kachori ziwe kavu kwenye sahani, rojo kwenye bakuli lake, chatini ya nazi kando, pilipili mbali na mkono wa mdogo. Kila mtu achovye anachotaka. Mtoto anayekataa kitu kilichochanganywa mara nyingi hukila kikiwa kimetenganishwa, muulize mama yeyote.

Kuhusu marufuku, ndiyo, hiyo si haki. Kutothamini ningekuelewa kama wangemwaga chakula au kumtukana mchuuzi. Walichofanya ni kusema hawakipendi, na mmoja kwa mzaha. Huyo wa mzaha ongea naye peke yake, mwambie maneno yale yalikuuma na kwa nini. Ana miaka 14, ataelewa, na nina hakika hajui kwamba babu yake alikuwa anakula yale mliyobakisha. Marufuku iondoe wewe mwenyewe kwa kinywa chako, usimtume mama yao. Ifanye wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Na zamu ya kwanza mpe mdogo, maana ndiye aliyetapika.

Shangazi